Kinywaji Kikimwagikia Mitambo ya Muziki: Namna ya Kuiokoa na Kulinda Haki Zako

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Kwa soda iliyokwisha kumwagika juu ya mikisa ya DJ, usemi huo ni wa kweli; kwa mikisa yenyewe, si lazima uwe kweli. Mtambo uliomwagikiwa soda, bia au chai waweza kupona na kufanya kazi kwa miaka mingi. Mara nyingi kinachouua si kinywaji chenyewe, bali ni yale yanayofanyika katika dakika na siku chache zinazofuata.

Makala hii tumeiandika kwa ajili ya ma-DJ, wakodishaji wa mitambo, wenye kumbi na vikundi vinavyomiliki vyombo vya sherehe. Tunaeleza kwanza namna kinywaji kinavyoharibu mtambo, kisha hatua za kuuokoa, na mwisho haki za mlaji mbele ya fundi, muuzaji na mwenye ukumbi. Endapo msomaji atasahau yote mengine, tunamwomba akumbuke neno moja: mtambo uliolowa usiuwashe ili kuujaribu.

Ajali moja, matokeo mawili

Tuchukue mfano tuliouunda ili kufafanua jambo hili. Kijana mmoja wa Temeke anaishi kwa kupiga muziki harusini. Mikisa yake ameinunua kwa mkopo wa kikundi, na marejesho hayajaisha. Saa nne za usiku, maharusi wanapoingia ukumbini, mgeni anayecheza anaigonga meza na chupa ya soda inalala juu ya mikisa. Muziki unakwaruza, kisha unakatika. Ukumbi mzima unageuka kumtazama. Kijana anafuta kwa kitambaa, anazima, anawasha, anazima tena, anawasha tena. Mtambo unaitika. Anamshukuru Mungu na kuendelea hadi usiku wa manane. Jumanne slaida, yaani vile vidhibiti vinavyosukumwa juu na chini, zinaanza kunata. Ijumaa mikisa haiwaki kabisa, na Jumamosi ana harusi nyingine.

Mwenzake anapatwa na ajali ileile. Yeye anakata umeme papo hapo, anaitenga mikisa, kisha anachukua waya aliouweka akiba na kuunganisha simu yake moja kwa moja kwenye amplifaya, ambayo haikulowa. Maharusi wanaingia kwa wimbo wao, japo wamechelewa kidogo. Mikisa inakaa siku kadhaa bila umeme, inafunguliwa, inasafishwa, slaida moja inabadilishwa, na mtambo unarudi kazini. Kilichowatofautisha wawili hawa ni mpangilio wa hatua tu. Wa kwanza aliwasha ndipo akafikiri, na wa pili alikata umeme kabla ya jambo lolote jingine.

Kwa nini kinywaji huharibu mtambo

Maji safi kabisa hupitisha umeme kwa shida. Lakini hakuna anayemwagikiwa maji safi kabisa ukumbini. Maji ya bomba na ya chupa yana chumvichumvi za madini, na soda, bia, juisi na chai zina mengi zaidi. Chumvi na asidi hizo ndizo zinazoupa umeme njia ya kupita mahali usipopaswa kupita.

Madhara huja kwa njia tatu.

Ya kwanza ni ya papo hapo. Umeme huruka kutoka mstari mmoja wa bodi hadi mwingine kupitia kimiminika, na kijenzi kisichostahili mkondo ule kikaungua. Fyuzi yaweza kukatika, au sehemu ya ndani ikaharibika kabla fyuzi haijakatika.

Ya pili ni ya polepole, na ndiyo inayowadanganya wengi. Pale ambapo unyevu na umeme vinakutana, metali za bodi huanza kuliwa. Shaba na risasi ya kulehemu huyeyuka upande mmoja na kujijenga upya upande mwingine kama vinywele vyembamba, hadi vinywele hivyo viunganishe mistari miwili isiyopaswa kukutana. Mtambo uliowaka vizuri usiku wa ajali waweza kufa siku ya nne kwa sababu hii. Umeme ukiondolewa, sehemu kubwa ya uharibifu huu hupungua kasi. Hiyo ndiyo sababu tunasisitiza kukata umeme kabla ya jambo lolote jingine.

Ya tatu ni mabaki. Maji hukauka na kutoweka, lakini sukari haitoweki. Soda ya kawaida ina takriban gramu 10 za sukari katika kila mililita 100. Kwa hiyo chupa ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 30. Sukari ikikauka ndani ya slaida na vitufe hugeuka gundi, na kwa kuwa huvuta unyevu wa hewa, sehemu ile haikauki ikakaa kavu. Soda nyeusi za kola huongeza asidi ya fosforasi, ambayo hula metali taratibu. Bia ina sukari kidogo kuliko soda, lakini nayo huacha utando unaonata. Chai ya maziwa huacha mafuta na protini ambazo huoza na kutoa harufu. Maji matupu ya kunywa ndiyo yenye nafuu, kwa kuwa mara nyingi hudai kukaushwa tu.

Dakika za kwanza: hatua kwa hatua

1. Tazama usalama wa watu kwanza. Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni wa volti 230, na unaweza kuua. Kama kinywaji kimefika kwenye ekstensheni, soketi au plagi, usiviguse. Nenda kwenye swichi kuu ya ukumbi au ya eneo hilo na ukate umeme hapo. Kama mtu amenaswa na umeme, usimshike. Kata umeme kwanza, ndipo umsaidie.

2. Kata umeme wa mtambo. Ikiwa plagi na mikono yako ni mikavu, zima soketi na uchomoe plagi. Usingoje wimbo uishe. Ukiweza kushusha sauti ya amplifaya kwa mkono mmoja wakati huohuo, fanya hivyo ili spika zisipigwe na mshindo. Usipoweza, usipoteze muda.

3. Chomoa nyaya zote, pamoja na ule wa kompyuta. Kontrola nyingi hupata umeme wa volti 5 kutoka kwenye kompyuta mpakato. Umeme huo ni mdogo kwa mwili wa binadamu, lakini unatosha kuharibu kontrola iliyolowa, na hitilafu yake yaweza kurudi hadi kwenye kompyuta.

4. Nyonya kimiminika kilichopo juu. Tumia kitambaa au karatasi laini kwa kugandamiza, si kwa kusugua. Kusugua husukuma kinywaji ndani ya matundu ya slaida na vitufe.

5. Pindua mtambo polepole. Kama kinywaji kiliingia kutoka juu, ulaze mtambo uso chini juu ya taulo kavu, ukiuinua kidogo pembeni ili hewa ipite, kinywaji kitoke kule kilikoingilia. Usiutikise, kwa kuwa kutikisa hupeleka majimaji kwenye sehemu ambazo bado ni kavu.

6. Andika na upige picha. Andika saa ya ajali, aina ya kinywaji, kiasi kilichomwagika, na kama mtambo ulikuwa umewashwa. Maelezo haya yatamsaidia fundi, na yatakusaidia wewe endapo kutatokea mgogoro wa malipo.

Kompyuta mpakato inahitaji uangalifu wa ziada, kwa kuwa hata ikichomolewa ukutani bado ina betri. Shikilia kitufe cha kuwashia hadi izime, na kama betri inatoka kwa urahisi, itoe. Usiichaji. Betri ya lithiamu iliyolowa ikivimba, ikipata joto au ikitoa harufu, iweke nje mbali na vitu vinavyowaka, na usiitumie tena.

Kusafisha: sukari huondolewa kwa maji

Kichwa hiki huenda kikamshangaza msomaji, lakini ndivyo ilivyo. Sukari huyeyuka vizuri ndani ya maji, na huyeyuka kwa shida ndani ya alkoholi. Kwa hiyo anayesafisha soda kwa alkoholi peke yake huihamisha gundi kutoka sehemu moja hadi nyingine. Utaratibu ulio sahihi una ngazi mbili: kwanza maji yasiyo na madini ili kuyeyusha sukari, kisha alkoholi ya isopropili ili kuyafukuza maji hayo na kuharakisha ukaukaji.

Maji yasiyo na madini hupatikana kwa urahisi kwenye vituo vya mafuta na maduka ya vipuri kwa jina la maji ya betri. Tunatoa onyo kali hapa. Katika maduka hayohayo huuzwa asidi ya betri, ambayo ni asidi ya salfuriki, wakati mwingine kwenye chupa zinazofanana. Soma lebo kabla ya kulipa na kabla ya kufungua. Chupa isiyo na lebo usiinunue, hata kama muuzaji anakuhakikishia kwa maneno.

Alkoholi ya isopropili iwe ya asilimia 90 au zaidi. Ile ya asilimia 70, inayouzwa kwa kusafishia mikono na vidonda, karibu theluthi yake ni maji. Alkoholi hii hushika moto upesi. Itumie mahali penye hewa, mbali na jiko, sigara na mshumaa, na kamwe usiitumie kwenye mtambo wenye umeme.

Nani afungue mtambo? Tunaweka mpaka ulio wazi. Kontrola inayotumia umeme wa kompyuta, au mikisa ndogo yenye adapta ya nje, mwenye mkono mtulivu anaweza kuifungua baada ya kuichomoa. Lakini mtambo ambao waya wa ukutani unaingia moja kwa moja ndani yake, kama vile amplifaya, spika yenye amplifaya ndani yake, au mikisa kubwa, uachiwe fundi. Ndani ya mitambo hiyo mna kapasita ambazo huhifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa, na katika aina nyingi umeme huo hufikia takriban volti 325. Mshtuko wake hauna tofauti na ule wa ukutani.

Kwa yule anayeweza kufungua, kazi ifuate mpangilio huu. Piga picha kabla ya kulegeza skrubu yoyote, na tenga skrubu kwa makundi, kwa kuwa urefu wake hutofautiana. Ng'oa vifuniko vya vitufe na uvioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kisha uvikaushe. Chovya brashi laini ndani ya maji ya betri na usafishe sehemu za bodi zinazonata, ukifuta kila mara kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Rudia hadi mnato uishe. Ndipo upitishe alkoholi kwa brashi nyingine iliyo safi. Epuka kioo cha skrini na maandishi yaliyochapwa juu ya mtambo, kwa kuwa alkoholi yaweza kuyafifisha.

Slaida ndizo huathirika zaidi, kwa sababu zina mwanya mrefu unaotazama juu na, katika aina nyingi, ukanda mwembamba wa kaboni ambao ncha ya slaida huuparuza. Kuzisafisha kwaweza kufaulu, lakini mara nyingi kuzibadilisha ni nafuu kuliko kuhangaika nazo. Katika mikisa nyingi, slaida ya katikati inayohamisha sauti kutoka upande mmoja hadi mwingine imetengenezwa makusudi ili ibadilishwe: hushikwa kwa skrubu chache na waya mmoja mdogo. Fundi anayesema mikisa nzima imekufa kwa sababu slaida hiyo inakwaruza, hajaitazama vya kutosha.

Wanaotumia mashine za santuri wana kazi nyepesi kidogo. Sahani inayozunguka huinuliwa, na kinywaji kilicho chini yake hufutwa kabla hakijafika kwenye mhimili na injini. Santuri zenyewe za plastiki husafishwa kwa maji ya betri na kitambaa laini, bila kuilowesha lebo ya katikati. Lakini santuri za kale za mizunguko 78 kwa dakika, kama zile alizorekodi Siti binti Saad huko Bombay kuanzia mwaka 1928, zilitengenezwa kwa shelaki, na shelaki huyeyuka ndani ya alkoholi. Mwenye hazina ya aina hiyo asiisogeze karibu na chupa ya alkoholi hata kidogo.

Mambo yanayodhaniwa kuwa dawa

Mchele. Kuufukia mtambo ndani ya mchele hakuondoi sukari wala asidi. Mchele hunyonya unyevu wa hewa kidogo mno, na huacha vumbi la wanga ndani ya matundu. Chumba kikavu chenye feni hufanya kazi bora zaidi, na mchele ukabaki kuwa chakula.

Kikausha nywele. Joto lake hulegeza plastiki na gundi, na upepo wake husukuma kimiminika ndani zaidi. Feni ya kawaida isiyo na joto ndiyo inayofaa.

Jua kali. Mtambo mweusi ulioachwa juani mchana hupata joto kubwa, slaida na skrini zikapinda. Kivulini penye upepo panatosha.

Mafuta ya kupulizia ya kulegeza nati. Haya huacha utando unaokusanya vumbi, na huharibu ulaini wa slaida. Kuna vipulizio vilivyotengenezwa kwa ajili ya slaida na swichi. Hivyo tu ndivyo vitumike, tena baada ya sukari kuondolewa.

Spiriti yenye rangi. Spiriti ya kuwashia majiko hutiwa rangi na viambata vingine ambavyo hubaki juu ya bodi. Haifai kuwa mbadala wa alkoholi ya isopropili.

Lini mtambo uwashwe tena

Tunashauri mtambo uliosafishwa ukae wazi, mbele ya feni, kwa muda usiopungua saa 72. Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar, hasa wakati wa masika, hewa yenyewe imejaa unyevu. Ongeza siku moja au mbili, au tumia chumba chenye kiyoyozi. Kama ulimwagikiwa kinywaji chenye sukari nawe hujasafisha ndani, kusubiri peke yake hakutoshi. Kitakachokauka ni maji, na gundi itabaki pale pale.

Siku ya kuwasha, usiunganishe mtambo na spika kubwa wala kompyuta yenye kazi zako. Uwashe peke yake na ukae karibu nao. Ukinusa harufu ya kuungua, ukiona moshi, au ukihisi joto lisilo la kawaida, kata umeme ukutani mara moja na usirudie. Ukiwa mtulivu, jaribu kila kitufe, kila slaida na kila tundu la waya, ukitumia spika za masikioni kwa sauti ya chini. Kisha uache uwake kwa saa kadhaa nyumbani. Mtambo uliotoka kuokolewa usipelekwe kazini siku hiyohiyo bila akiba.

Ukienda kwa fundi

Mafundi wengi ni waaminifu na wana ujuzi wa kutukuka. Hata hivyo, mteja mwenye haraka na asiyejua kilichomo ndani ya mtambo wake ni mteja aliye rahisi kupunjwa. Tunapendekeza yafuatayo.

Eleza ukweli. Ukisema mtambo umezima tu wenyewe, fundi ataanza kwa kuuwasha, na kuwasha ndiko kunakoumaliza. Mwambie ni kinywaji gani, lini, na kwamba hautakiwi kuwashwa kabla ya kufunguliwa.

Andika namba ya utambulisho ya mtambo na upige picha ya nje, na ikiwezekana ya bodi ya ndani, kabla ya kuukabidhi. Hii ni kinga dhidi ya vijenzi vizima kubadilishwa na vibovu.

Omba makadirio ya gharama kwa maandishi, yakitenganisha gharama ya uchunguzi, vipuri na ufundi. Kubalianeni kwamba kazi yoyote ya nyongeza haitafanyika bila idhini yako.

Dai kurudishiwa vipuri vilivyotolewa. Slaida ya zamani mkononi mwako ni ushahidi kwamba iliyomo sasa ni mpya.

Dai risiti. Kwa mfanyabiashara aliyesajiliwa, iwe risiti ya mashine ya EFD. Kwa fundi mdogo, walau stakabadhi yenye jina, tarehe, kazi iliyofanyika na muda ambao ataiwajibikia kazi yake. Bila karatasi, malalamiko yako yatakuwa neno lako dhidi ya neno lake.

Dhamana, ukumbi na mitambo ya kukodi

Dhamana za watengenezaji wengi, zile ambazo wengi wetu huziita waranti, hazigharamii madhara ya kimiminika. Isome yako kabla ya kudai. Baadhi ya vifaa, hasa simu na kompyuta mpakato, vina vibandiko vidogo vyeupe ndani ambavyo hugeuka vyekundu vikilowa, na kituo cha huduma huvitazama kwanza. Kuficha ajali hakusaidii. Lakini pia muuzaji asitumie neno kimiminika kama kisingizio cha kukataa kila dai. Akisema mtambo wako umelowa, mwombe akuonyeshe alama hiyo, na akupe sababu ya kukataa kwa maandishi.

Nani alipe pale mgeni anapomwaga kinywaji? Katika sherehe nyingi swali hili huulizwa baada ya ajali, wakati ambapo kila mmoja ana hasira. Tunashauri liulizwe kabla. Mkataba wa DJ na mwenye sherehe uwe na sentensi moja inayosema nani atawajibika kwa uharibifu utakaosababishwa na wageni, na kwa kiwango gani. Anayekodi mitambo naye aandikishe hali yake wakati wa kupokea na wakati wa kurudisha, kwa picha zenye tarehe. Na akimwagikiwa kinywaji, amjulishe mwenye mitambo usiku uleule. Kuirudisha kimya mitambo iliyofutwa juu juu ni kumwachia mwenzako akaiwashe bila kujua, na hasara iliyoweza kuzuilika ikawa kubwa.

Kwa anayenunua mtambo uliotumika, dalili za kinywaji cha zamani ni hizi: kitufe kinachochelewa kurudi juu, slaida inayokwama mahali pamoja, sauti inayokwaruza unapoisogeza, ukungu wa kijani au mweupe kwenye skrubu na matundu ya nyaya, na harufu tamu ukiisogeza pua karibu. Ng'oa kifuniko cha kitufe kimoja na utazame chini yake; hapo wauzaji wengi husahau kusafisha. Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaompotosha mlaji. Mfanyabiashara anayekuuzia mtambo kwa kudai haujawahi kulowa, hali anajua ulilowa, hana haki ya kukujibu kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Ukiwa na lalamiko, lipeleke kwanza kwa maandishi kwa fundi au muuzaji na umpe muda maalumu wa kujibu. Asipojibu, lipeleke kwa ofisi ya kulinda mlaji pamoja na risiti, makadirio, picha na maelezo uliyoandika usiku wa ajali.

Kinga

Meza ya mitambo isiwe meza ya vinywaji. Weka stuli ndogo kando, chini ya usawa wa mitambo, na chupa zako na za rafiki zako zikae hapo. Panga meza mbali na njia ya wachezaji na ya wahudumu wenye sinia. Ekstensheni zisilale sakafuni mahali ambapo kinywaji kitatiririkia. Zininginize au ziinue. Mtambo usiotumika ufunikwe.

Wenye kumbi tunawahimiza wafunge kifaa cha kukata umeme pindi unapovuja, cha kiwango cha miliamperi 30. Fyuzi ya plagi ya ampea 13 huulinda waya usiungue. Haimlindi mtu, kwa kuwa mkondo unaoweza kuua ni mdogo mno kuliko huo. Kifaa hiki ndicho kinachomlinda DJ ambaye mkono wake upo juu ya mikisa iliyolowa.

Mwisho, kila DJ awe na mfuko mdogo wa dharura: kitambaa kikavu, taulo, bisibisi, na waya wa kuunganisha simu moja kwa moja kwenye amplifaya. Waya huo una thamani kuliko unavyoonekana. Ukumbi unaponyamaza na watu mia tatu wanakutazama, ni vigumu sana kuuacha mtambo uliolowa bila kuujaribu mara moja tu. Mwenye njia nyingine ya kuendeleza muziki hapati kishawishi hicho, naye huipa mikisa yake siku inazohitaji ili ipone.